Kipimo cha Pili

Abiria wa kwanza kushuka asubuhi ile alikuwa bwana mmoja mnene mwenye balaghashia. Kabla hajamaliza kueleza kwamba anatoka Mumbai kwa shughuli za vipuri, Kisomanasaba, mashine ya kupima damu, kilikwisha kujua kuwa anadanganya.

Alikuwa ametia kidole gumba kwenye tundu la mashine kama walivyoelekezwa abiria wote. Sindano nyembamba kuliko unywele ilimdonoa, ikanyonya tone moja la damu, na mashine ikaanza kuunguruma kwa chini. Baada ya dakika nne, kioo kilichomwelekea daktari peke yake kiliandika: Chikungunya. Siku ya tatu. Aliumwa na mbu Shelisheli, kisiwa cha Mahe, hoteli ya ufukweni, upande wa bustani.

"Mzee, Shelisheli kulikuwa na jua?" Daktari Stumai Mhando aliuliza bila kuinua macho.

Bwana yule aligeuka nyuma kutazama kama kuna aliyesikia. "Daktari, nakuomba, mama watoto asijue."

"Mimi natibu viungo, sitibu ndoa. Magoti yatakuuma wiki nzima hata kuswali utaswali umekaa. Kunywa maji mengi, meza paracetamol, na aspirini usiiguse. Haya, vaa kikuku hiki cha kufukuza mbu, usije ukawagawia majirani ulichokileta."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya kila siku katika Bandari ya Anga ya Mkwaja mwaka ule wa 2091. Vivukanga, vile vyombo vinavyopaa hadi kwenye weusi wa anga na kushuka upande wa pili wa dunia, vilikuwa vimeifupisha safari ya siku mbili ikawa saa moja kasoro. Mtu aliumwa na mbu asubuhi akiwa Pasifiki, na adhuhuri anakula ugali kwake, virusi vikiwa bado havijapata hata nafasi ya kumtia joto. Ukingoja homa ipande ndipo umpime, mtaa mzima umekwisha. Kwa hiyo ilibidi msafiri apimwe langoni.

Madaktari wa zamani walitegemea kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza kupambana na ugonjwa. Tabu ni kwamba dengi, Zika na homa ya manjano ni watoto wa ukoo mmoja, na askari wa huyu humkamata yule. Mtu aliyewahi tu kuchanjwa homa ya manjano angeweza kuonekana ana dengi asiyo nayo. Kisomanasaba hakikuwauliza askari. Kilisoma virusi vyenyewe, herufi kwa herufi, na zaidi ya hapo kilisoma makosa ya virusi hivyo. Virusi vikijizalisha hukosea hapa na pale, na kosa hurithiwa. Ni kama watoto wa chuoni wanaonakiliana kwenye ubao: mwalimu akiona wawili wamekosea herufi ileile mahali palepale, hahitaji kuambiwa nani alikaa na nani. Ndivyo mashine ilivyojua nchi, mtaa, na mara nyingine hata nyumba mtu alimoumwa, maana mbu huyu wa mchana mwenye miguu ya madoa ni mvivu, haruki mbali na alipozaliwa.

Udhaifu wake ulikuwa mmoja. Kilisoma damu, na katika damu mwenye kelele humfunika mnyonge. Mtu akiingiwa na virusi viwili kwa pamoja, dengi hupiga makelele, na virusi vya Zika, ambavyo huikimbia damu mapema na kujificha kwenye mkojo kwa wiki kadhaa, husikika kama mnong'ono tu. Kwa sababu hiyo palikuwa na kipimo cha pili, cha mkojo. Mashine ikisikia mnong'ono iliuliza, na daktari alijibu kwa kugusa moja kati ya maneno mawili: Inahitajika au Haihitajiki. Waliotunga kanuni hawakutaka mashine ijiamulie. Walisema jambo zito kama hilo liachiwe binadamu, kwa kuwa binadamu ana utu.

Na kama kulikuwa na binadamu wa kuaminiwa, basi ni Stumai. Wenzake walimtania kwamba angekuwa polisi, magereza yangejaa. Alimuuliza msafiri alilala wapi, na nani, dirisha lilikuwa wazi au limefungwa, maji ya kuoga yalihifadhiwa wapi. "Kuuliza si ujinga," aliwaambia wanafunzi wake. "Ujinga ni kuridhika na jibu la kwanza."

Saa nne asubuhi kikashuka kivukanga kutoka Moana.

Moana ni jiji linaloelea katikati ya Pasifiki, ambako mvua hunyesha kila alasiri na kila paa lina tangi. Jabiri Kihiyo, mume wa Stumai, alikuwa huko miezi minane akishughulika na mitambo ya maji safi. Zahoro, mdogo wake Stumai na ndugu yake pekee wa tumbo moja, alikuwa hukohuko akichomelea vyuma vya kuta za nje. Jabiri ndiye aliyekuwa akirudi. Stumai alikuwa amejifukiza udi, ametia hina nyembamba vidoleni pale ambapo glavu haionyeshi, na kila chombo kiliposhuka moyo wake ulidunda kama wa mwari. Miaka kumi na miwili ya ndoa, bila mtoto, lakini bado alimtamani mumewe. Hilo hakulionea haya.

Akamwona. Kisha akaona mkono wa Jabiri umeshika kiwiko cha mwanamke.

Alikuwa mwanamke kijana, mrefu, amejifunika ushungi mweusi hadi kwenye nyusi. Jabiri alikuwa amembebea begi. Alipofika kwenye ngazi alimngoja, akamshikilia ateremke taratibu, kama mtu anayeshusha kikapu cha mayai. Stumai hakukumbuka kama mumewe aliwahi kumshusha yeye ngazi hivyo. Roho ikamuuma papo hapo, maumivu ya kweli, chini ya titi la kushoto.

"Mke wangu," Jabiri alisema alipofika kaunta. Uso wake ulikuwa umechoka, na tabasamu lilikataa kufika machoni. "Hujambo?"

"Sijambo. Za huko?"

"Njema." Alilitoa neno upesi, kama anayetema kokwa. "Huyu anaitwa Johari. Ni... tuko naye kazini."

"Shikamoo, dada," Johari alisema akitazama sakafu.

"Marahaba. Na Zahoro je? Simu zangu hapokei."

Jabiri aliangalia foleni iliyokuwa nyuma yake. "Zahoro yuko hukohuko. Tutaongea nyumbani, mama. Tupime kwanza."

Akatia kidole. Stumai alisimama akitazama kioo, na kwa mara ya kwanza katika miaka tisa ya kazi alitamani kuyasoma maandishi ya eneo kabla ya kuyasoma ya ugonjwa. Dengi, aina ya pili. Siku ya sita. Aliumwa na mbu Moana, Mtaa wa Mashariki, nyumba za familia.

"Kule ulikuwa unalala wapi?" aliuliza.

"Bwenini, kama siku zote. Kwa nini?"

"Nauliza tu. Ndiyo kazi yangu."

Bweni la wanaume liko Mtaa wa Magharibi. Alilijua kwa picha, alijua hata kitanda cha mumewe kiko karibu na dirisha gani. Akamwita mwanamke.

Johari alitia kidole akiwa amefumba macho. Mashine iliunguruma. Dengi, aina ya pili. Mtaa wa Mashariki, nyumba za familia. Chini yake ikaja alama ambayo Stumai aliizoea kwa mke na mume wanaorudi kutoka fungate: duara mbili zilizounganishwa. Pacha na sampuli iliyotangulia. Makosa kumi na saba, yote kumi na saba yaleyale. Waliumwa chini ya paa moja, ndani ya siku mbili zilezile.

Mstari uliofuata ulisema: Ujauzito, wiki ya kumi na moja.

Stumai alihesabu. Jabiri alikuwa Moana miezi minane. Haikuwa hesabu ngumu.

Kisha ukaja mstari wa mwisho, kwa rangi ya manjano: Kuna mnong'ono wa virusi vingine. Mkojo?

Tusimsingizie shetani. Stumai alikuwa na akili zake timamu. Alijua kwamba Zika ikimfika mama katika wiki hizo hupenya kondo na kuula ubongo wa mtoto ungali unajengwa. Alijua pia kwamba ipo dawa, kingakondo, ambayo ikichomwa siku ileile huziokoa mimba tisa katika kumi. Kulikuwa na kikombe cha plastiki kwenye droo, nusu hatua kutoka mkono wake. Kulikuwa na swali moja tu la kumuuliza mwanamke yule, dada, ulilala wapi na nani, na yeye Stumai aliyemuuliza kila mtu hakuthubutu kuliuliza, kwa kuwa aliliogopa jibu. Alimtazama Johari, akaona mkono wake umetua tumboni bila mwenyewe kujua, mkono wa mama. Wivu ukamjaa mpaka masikio yakaziba.

Haihitajiki, akagusa.

"Mna dengi, nyote wawili," alisema kwa sauti ya kazini. "Maji, paracetamol, vikuku. Mkitokwa na damu kwenye fizi au tumbo likiuma sana, mrudi upesi. Mnaweza kwenda."

"Huji nasi?" Jabiri aliuliza. "Nimeomba ruhusa yako kwa mkuu wako. Njoo nyumbani, Stumai. Kuna jambo."

"Liseme hapa."

"Si la kusemea hapa."

"Basi nendeni," alisema, na ile "ni" ya mwisho aliikaza kwa makusudi.

Hakwenda nyumbani siku ile. Daktari mwenzake alikuwa na safari. Stumai akajitolea kumshikia zamu, na akalala kwenye chumba cha mapumziko cha madaktari huku simu yake ikilia. Jabiri alipiga mara sita. Mara ya saba akapiga Mjomba Shekue, mzee wa ukoo wa kina Stumai, ambaye kwa kawaida huchukia simu kama paka achukiavyo maji.

"Mwanangu, njoo. Watu wazima tumekaa hapa tunakungoja."

"Mjomba, kumbe na wewe umo?"

"Nimo, mwanangu. Nitakosaje?"

"Na yule mwanamke mmemkaribisha?"

"Tumemkaribisha. Ni wetu sasa. Njoo umwone, mengine huwezi kuambiwa kwenye simu."

Stumai alikata. Ni wetu sasa! Miaka kumi na miwili amewapikia, amewauguza, amewapa dawa za presha kutoka mfukoni mwake, na siku anapoletewa mke mwenza wanakaa jamvini kumlainisha. Mwenye macho haambiwi tazama, alijiambia, na macho yake yalikuwa yamesoma makosa kumi na saba.

Siku ya pili alifanya kazi kama mashine iliyo karibu yake. Kila wanandoa waliopita na duara zao mbili walimchoma. Mchana, akiwa ameketi mbele ya sahani ya wali ambayo hakuigusa, alimwandikia mtu pekee aliyebaki upande wake. Zahoro, wewe ulikuwa pamoja nao huko Moana. Nani huyu Johari? Hakupata jibu. Jioni akaandika tena: Unaninyamazia mimi, dada yako, niliyekubeba mgongoni? Kimya. Alijua mdogo wake anavyompenda shemeji yake, walikuwa wakishirikiana kila kitu, basi na siri hii wameshirikiana. Asubuhi ya siku ya tatu, akiwa na macho mekundu, aliandika ujumbe wa mwisho, ule ambao mtu huuandika na kuutuma kabla hajausoma: Kama mtoto ni wa Jabiri, Mungu asimjalie kuliona jua. Mwambie huyo shemeji yako.

Ujumbe ulipokelewa. Alama ikaonyesha umesomwa. Hakuna aliyejibu.

Saa sita mchana alivua koti la kazi, akaingia kwenye kijiendeshe, akakiamuru kimpeleke Mtaa wa Mkonge. Njiani alipanga maneno. Angesalimia, maana adabu haimwachi mtu. Angeingia ndani, angechukua vyeti vyake na nguo zake, na angemwomba Jabiri talaka mbele ya wazee haohao waliomsaliti. Asingelia. Alijikaza kisabuni.

Alipofika kona ya nyumba yake aliviona viatu. Viatu vimejaa barazani, jozi kwa jozi, vya kike upande huu na vya kiume upande ule. Uani moshi unafuka, masufuria makubwa yako motoni, harufu ya pilau imeenea mtaa mzima, na wanawake wamefunga kanga kifuani wanachambua mchele. Mikeka imetandikwa hadi nje ya geti. Kwa hiyo wamefikia huko, Stumai aliwaza. Wanafanya karamu. Wananiolea nyumbani kwangu.

Alipita katikati ya watu bila kuvua viatu. Mazungumzo yalikatika. Wanawake walimtazama kisha wakatazama chini, na mmoja, shangazi yake Jabiri, alisimama na kumfuata nyuma, mikono ameinyoosha kidogo, kama anayemfuata mtoto anayejifunza kutembea.

"Hongereni," Stumai alisema alipofika ukumbini. "Mnakula walima bila mwenye nyumba?"

Mjomba Shekue alikuwa ameketi kwenye mkeka na msahafu mbele yake. Aliufunga polepole.

"Kaa chini, Stumai."

"Sikai. Semeni."

"Kaa, mwanangu," alirudia, na sauti ya mzee yule, ambayo Stumai aliijua tangu utotoni, ilipasuka. Shangazi alikuwa amekwisha kumshika mabega. "Hatukuambii habari hii umesimama. Tumekusubiri siku tatu. Mdogo wako Zahoro ametangulia mbele ya haki. Leo ni siku ya kumi."

Hakuelewa. Alisikia maneno yote na hakuelewa hata moja. Aligeuka kumtafuta Jabiri, akamwona amesimama mlangoni na machozi yanamtiririka bila aibu, na hapo akaporomoka mikononi mwa shangazi. Ndiyo maana walitaka akae.

Aliposhindwa kulia zaidi walimweleza. Zahoro alianguka kutoka kwenye ukuta wa nje wakati wa dhoruba. Alizikwa hukohuko. Watu wa kwetu wa Moana, wake kwa waume, walihamia nyumbani kwake Mtaa wa Mashariki kulala matanga kama ada ilivyo: wanawake vyumbani, wanaume uani kwenye mikeka, karibu na matangi ya maji, siku tatu usiku na mchana. Wavunaji wa mwani, mainjinia, wapishi wa mgahawa, wote walilala chini ya paa lile, na mbu wa paa lile akawala wote bila kubagua. Jabiri alilala uani. Aliyelala ndani ameinamisha kichwa, akishikwa na wanawake, alikuwa mke wa Zahoro, aliyefunga naye ndoa miezi mitano iliyopita. Zahoro alitaka kumleta mwenyewe na kumshtukiza dada yake.

"Ningekuambia nini pale kaunta?" Jabiri alisema. Alikuwa amechuchumaa mbele yake. "Umesimama, foleni nyuma yangu, mtoto wa watu anatapika pembeni. Mjomba alisema tanzia haipelekwi kwa simu wala kazini, tungoje mpaka nifike. Ukianguka, nani atakushika? Nikasema uongo wa siku moja, wa kukuleta nyumbani. Sikujua utakataa kuja." Alimtazama kwa muda. "Siku tatu hizi ndivyo ulivyonidhania?"

Stumai alitikisa kichwa kukubali. Matanga ya mdogo wake yalikuwa yakivunjwa leo, ule ubani na pilau vilikuwa vya kufunga msiba, na yeye dada mtu hakuyalalia hata siku moja.

Kisha kitu kingine kikamjia, kwa kuchelewa, na kilikuwa baridi kuliko msiba. Alisimama ghafla hata shangazi akaruka.

"Yuko wapi Johari?"

Alikuwa chumba cha ndani, kwenye godoro lililowekwa sakafuni, amevaa nguo nyeupe za eda. Wanawake wawili waliokuwa naye walitoka Stumai alipowaomba. Mkononi Johari alishika simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka pembeni. Stumai aliitambua. Yeye ndiye aliyemnunulia Zahoro siku alipoondoka.

"Meseji zako zilinifikia, wifi," Johari alisema. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka tu. "Mbili za kwanza nilitaka kukujibu. Mjomba akasema nisiseme mpaka uje. Ya tatu... ya tatu sikujua nikujibu nini."

Stumai alipiga magoti. Akafungua mkoba, akatoa kikombe cha plastiki na kile Kisomanasaba cha mkononi alichokuwa akikitumia kwa wagonjwa wa majumbani.

"Naomba mkojo wako," alisema. "Sasa hivi, mdogo wangu. Nakuomba."

Johari aliuliza kwa macho, lakini alikwenda. Alikuwa mtiifu kwa madaktari, kama wengi wetu. Dakika nne zilizofuata Stumai alizihesabu kwenye mapigo ya shingo yake mwenyewe. Mashine ilitoa jibu lake bila huruma wala chuki: Zika. Vingi. Halafu ikaongeza kwamba mgonjwa huyu, mbali na Jabiri, ana mapacha wengine thelathini na wanane wa dengi, waliopimwa kwenye malango mengine, wote walioumwa Mtaa wa Mashariki siku zilezile. Habari hiyo ilikuwepo tangu siku ya kwanza, kwenye ukurasa wa pili, ambao Stumai hakuufungua. Watu arobaini chini ya paa moja. Mtu yeyote wa kwetu angejua mara moja kwamba huo ni msiba, maana fumanizi halina watu arobaini.

Aliita dawa. Ndege-tarishi ikaileta kutoka bandarini baada ya robo saa, ikatua uani katikati ya masufuria, wapishi wakaipisha. Alimchoma Johari kingakondo mkononi, taratibu, na alipokuwa akibandika pamba alimweleza yote aliyopaswa kumweleza: virusi ni vipi, vinapenda kwenda wapi, dawa inafanya nini.

"Itamfaa mtoto?" Johari aliuliza.

"Leo, inaokoa wanne katika kumi."

"Leo?"

Stumai angeweza kusema kwamba virusi hivi hujificha. Ni kweli, hujificha. Angeweza kusema mashine ilikosea, na nani angekwenda kuiuliza mashine?

"Siku ile mliyoshuka ingeokoa tisa," alisema. "Mashine iliniuliza kama nikupime mara ya pili. Nikaiambia haihitajiki. Nilijua inahitajika. Nilidhani mtoto ni wa mume wangu."

Uani mtu alicheka kwa kitu fulani, akanyamazishwa. Pilau ilipakuliwa, sinia zikapita mlangoni. Mkono wa Johari ulikuwa tumboni kama siku ile, lakini sasa vidole vilikuwa vimekunjwa.

"Tutajua lini?"

"Wiki ya kumi na nane tutaona kichwa kwenye picha. Wiki saba kuanzia leo. Na hata hapo tutaona kichwa tu. Mengine mpaka akue."

"Sheria inasema eda yangu inakwisha nikijifungua," Johari alisema polepole, kama anayejielekeza mwenyewe njia. "Mpaka siku hiyo sitoki ndani. Mjomba alipanga nikae hapa kwako. Alisema, kwa daktari utakuwa salama."

"Ukitaka kwenda kwingine, nitakutafutia. Nitakupeleka kwenu Ujiji mimi mwenyewe."

"La." Johari aliinua uso, na kwa mara ya kwanza Stumai aliyaona macho yake vizuri. "Hii ni damu ya Zahoro, itakaa kwa watu wa Zahoro. Nitakaa hapa. Wewe ndiye utakayenipima kila wiki. Wewe ndiye utakayekuwa wa kwanza kuona, na wewe ndiye utakayeniambia."

Stumai aliitikia kwa kichwa. Alikusanya sindano, kikombe na vipande vya pamba, akaenda kumtafutia mke wa mdogo wake chandarua.